Chuo cha Bonde la Tana: Historia ya Chuo Kikuu cha Garissa na Maisha ya Wanafunzi Wake

Haja iliyozaa chuo: kabla ya 2011

Chuo Kikuu cha Garissa kilianzishwa Septemba 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, yaani chuo chenye mkuu wake na majengo yake, ambacho hata hivyo shahada zake hutolewa kwa jina la chuo mama na chini ya usimamizi wake. Kilikuwa taasisi ya kwanza ya umma ya ngazi ya chuo kikuu katika eneo lote lililojulikana kama Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Ingawa anwani yake ni ya Kaunti ya Garissa, bonde linalokizunguka halifuati mipaka ya kaunti, kwa kuwa anayevuka daraja la Garissa kuelekea magharibi huingia Mororo na Madogo, ambazo ni za Kaunti ya Tana River, na barabara inayoandamana na mto kutoka hapo hupita Bura na Hola hadi Garsen, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Historia ya chuo hiki, na hasa ya maisha ya wanafunzi wake, haieleweki vyema pasipo kulitazama bonde hilo lote.

Elimu ya shule katika Tana ya chini ina umri mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Wamethodisti wa Uingereza, waliokuwa wameanza kazi yao Ribe mwaka 1862, walifika mtoni katikati ya miaka ya 1880 na kuanzisha kituo Golbanti wakitumaini kuwafikia Waorma, ambao maandishi ya wakati huo yaliwaita Wagala. Mei 1886 mmisionari John Houghton na mkewe Annie wakauawa hapo katika uvamizi wa Wamaasai. Mwaka 1887 wamisionari wa Kijerumani wa Neukirchen walifungua kituo Ngao, wakati nchi jirani ya Witu ilipokuwa bado chini ya himaya ya Ujerumani, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, alichapisha mwaka 1895 msamiati wa Kitikuu na Kipokomo. Wapokomo wa chini walijifunza kusoma na kuandika katika shule za vituo hivyo, ilhali Wapokomo wa juu, ambao wengi wao waliingia Uislamu katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, walielekea zaidi kwenye madrasa. Lamu nako, ambako Habib Swaleh alijenga Msikiti wa Riyadha, kulikuwa na mfano wa makao ya elimu yaliyopokea wanafunzi wa mbali na wa tabaka zote. Njia hizo mbili zilitoa makarani, walimu wa dini na walimu wa shule za msingi, lakini hakuna hata moja iliyofika kwenye elimu ya juu ndani ya bonde lenyewe. Nje ya Kenya, jina la Hola lilikuja kujulikana kwa kambi ya kizuizini ambamo watu 11 waliuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959, muda mrefu kabla ya mtu yeyote wa mbali kulihusisha na shule.

Upande wa kaskazini wa mto, hali ilikuwa ngumu zaidi. Utawala wa kikoloni uliitawala Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kama eneo lililofungwa, ambalo watu hawakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Baada ya uhuru vilifuata vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika huko hadi zilipofutwa mwaka 1991. Katikati ya kipindi hicho ulitolewa Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965, uliosema kuwa fedha za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye maeneo yaliyoweza kuzalisha kwa haraka, yaani yale yenye mvua, ardhi nzuri, reli na barabara. Kwa nchi ya wafugaji inayopata mvua ya milimita mia tatu na kitu kwa mwaka, na kwa delta inayozama kila mafuriko yajapo, maana ya waraka huo ilikuwa kungoja. Si vibaya kusema kuwa chuo hiki ni mojawapo ya majibu yaliyochelewa sana kwa waraka huo.

Wakati huohuo elimu ya juu ilikuwa ikikua kwingineko nchini. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilifunguliwa Nairobi mwaka 1956 na hatimaye kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa karibu na Eldoret mwaka 1984 kufuatia mapendekezo ya tume iliyoongozwa na Colin Mackay mwaka 1981. Vya Kenyatta na Egerton vikafuata kabla ya muongo huo kwisha. Kijana wa bonde la Tana aliyefaulu mtihani wa kitaifa alilazimika kusafiri mamia ya kilomita ili kusoma, na familia yake ilibeba nauli, malazi na upweke juu ya karo. Haki inataka isemwe pia kwamba mwaka 2007 kilianzishwa Kilifi Chuo Kishiriki cha Pwani, na kwa mwanafunzi wa Garsen chuo hicho kiko karibu zaidi kuliko Garissa. Delta, kwa hiyo, imegawanyika: wanaoshuka kuelekea baharini na wanaopanda mto, na mara nyingi kinachoamua si umbali bali kozi, ndugu walioko mjini na nafasi zilizogawiwa.

Katiba ya mwaka 2010 ilibadilisha msingi wa hoja. Ibara ya 56 iliitaka serikali iweke mipango ya kuyapa makundi yaliyotengwa fursa maalumu za elimu, na Ibara ya 204 ikaunda Hazina ya Usawazishaji, yaani mfuko wa kuzisogeza huduma za msingi katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Tume ya Ugavi wa Mapato ilipoyataja maeneo hayo, kaunti 14 ziliorodheshwa, na Garissa na Tana River zote zilikuwamo. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 nayo ikaweka nia ya kila kaunti kuwa na chuo kikuu cha umma, zikitangulizwa zile zisizokuwa nacho.

Miaka ya mwanzo: 2011 hadi Machi 2015

Chuo hakikuanzia kwenye ardhi tupu. Kilipewa majengo na eneo lililokuwa la Chuo cha Ualimu cha Garissa, na jambo hilo, ambalo katika nyaraka huonekana dogo, ndilo lililoamua sura ya maisha ya wanafunzi kwa miaka ya mwanzo. Vyuo vya ualimu vya Kenya vilijengwa kwa ajili ya wanafunzi wa bweni: madarasa, mabweni, bwalo la chakula, viwanja na nyumba za walimu huwa ndani ya ua mmoja, na mkurufunzi hujulikana kwa jina tangu siku ya kwanza. Chuo kishiriki kilirithi mpango huo na kwa hiyo kikawa chuo kidogo cha kulala hapohapo, tofauti na vyuo vikubwa vya mijini ambako mwanafunzi huja kwa mhadhara na kuondoka. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2015 kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 800, idadi ambayo katika Chuo Kikuu cha Nairobi isingetosha hata kujaza kitivo kimoja kikubwa.

Kozi za mwanzo zilifuata mitaala ya chuo mama, na uzito uliwekwa kwenye ualimu, sanaa na sayansi za jamii, na biashara na uchumi. Ualimu ulikuwa na sababu ya pekee. Shule za Kaskazini Mashariki, na kwa kiasi fulani zile za Tana River, zilikuwa zimetegemea kwa miaka mingi walimu waliopelekwa kutoka mikoa mingine na Tume ya Huduma ya Walimu, chombo cha serikali kinachoajiri na kuwapanga walimu wa shule za umma. Utaratibu huo ulitegemea usalama wa barabara. Novemba 2014, basi lililokuwa likitoka Mandera lilitekwa na watu 28 wakauawa, wakiwamo walimu wengi waliokuwa wakienda likizo, na shule zilipofunguliwa walimu wengi wa nje walikataa kurudi. Chuo ambacho kingewasomesha vijana wa eneo hilohilo kuwa walimu kilikuwa, kwa maoni ya wengi, njia pekee ya kuzifanya shule hizo zisimame kwa miguu yake.

Lakini wanafunzi wenyewe wa miaka hiyo hawakuwa wa eneo hilo peke yao. Nafasi za wanaolipiwa na serikali zilikuwa zikigawiwa kitaifa, kwanza na bodi ya pamoja ya udahili ya vyuo vikuu na baadaye na shirika la udahili lililoundwa chini ya sheria ya 2012, na mtu aliyepata alama ya C+ au zaidi katika mtihani wa kidato cha nne aliweza kupelekwa chuo chochote chenye nafasi. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya wanafunzi wa Garissa walitoka bara: Kati, Magharibi, Nyanza, Ukambani na Bonde la Ufa, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuvuka Mwingi. Walikutana na joto ambalo mchana hupanda mara kwa mara kufikia nyuzi 35 au zaidi. Mji ambao biashara yake kuu ni mifugo, ngamia na ng'ombe wakiuzwa katika mojawapo ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki. Maduka yanayofungwa wakati wa sala. Na vyakula ambavyo kwao vilikuwa vigeni, maziwa ya ngamia na nyama ya mbuzi vikiwa mbele. Walikutana pia na wenzao wa bondeni, Wasomali, Waorma, Wapokomo, Wamunyoyaya na Wamalakote, ambao kwao joto hilo lilikuwa la kawaida na ambao, kwa upande wao, walikuwa wakiishi kwa mara ya kwanza chumba kimoja na watu wa makabila waliyoyajua kwa habari tu.

Kiswahili ndicho kilichokuwa daraja. Kiingereza kilitawala mihadhara na mitihani, Kisomali kilitawala soko, lakini bwenini na uwanjani mwanafunzi wa Kakamega na wa Garsen walielewana kwa Kiswahili, cha mmoja kikiwa na harufu ya Sheng na cha mwingine kikiwa na lafudhi ya pwani. Maisha ya dini nayo yalikuwa na nafasi kubwa kuliko katika vyuo vingi. Wanafunzi Waislamu walisali jamaa na kwenda msikitini Ijumaa. Wakristo walikusanyika katika jumuiya yao, wengine wakikutana kwa maombi katika ukumbi wa mihadhara kabla ya alfajiri kupambazuka. Katika chuo kidogo, mambo hayo mawili yalifanyika kwa umbali wa hatua chache, na kwa muda wa miaka mitatu na nusu yalifanyika kwa amani.

Wakati huo bonde la chini lilikuwa na machungu yake. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma katika delta, kuanzia Reketa hadi Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao, yaliua watu zaidi ya 100. Ugomvi huo, ambao chanzo chake ni njia za mifugo kwenda mtoni na mashamba ya ukingoni, ulizigusa jamii ambazo watoto wake wangeweza kujikuta wamekaa benchi moja chuoni. Jambo hilo halitajwi sana katika historia rasmi za elimu ya juu, ingawa pengine linastahili.

Tarehe 2 Aprili 2015

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, watu wanne wenye silaha wa kundi la Al-Shabaab walivamia chuo kiasi cha saa kumi na moja na nusu. Waliwaua walinzi langoni, wakawapiga risasi wanafunzi waliokuwa katika maombi ya asubuhi, kisha wakaingia mabwenini na kuwazuilia wanafunzi huko. Uvamizi uliendelea kwa muda wa saa 15 hivi hadi vikosi vya usalama vilipowaua wavamizi jioni. Watu 148 walipoteza maisha, wengi wao mno wakiwa wanafunzi, na wengine wakiwa askari polisi na wanajeshi. Tangu kulipuliwa kwa ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, Kenya haikuwa imepata shambulio lililoua watu wengi kiasi hicho.

Wavamizi waliwatenganisha Waislamu na wasio Waislamu, na hilo lilikusudiwa kukivunja hasa kile ambacho chuo kilikuwa kimekijenga. Wanafunzi mia kadhaa waliokoka, baadhi kwa kuruka ukuta usiku ulipokuwa haujaisha, baadhi kwa kujificha, na baadhi kwa kuokolewa. Mji wa Garissa ulitoa damu hospitalini, ukaandamana dhidi ya wauaji, na viongozi wa dini wa mji wakalaani tendo lile. Maiti zilipelekwa Nairobi kutambuliwa na jamaa waliosafiri kutoka kila pembe ya nchi. Idadi ya waliofariki, ambayo mwanzoni ilitangazwa kuwa 147, iligeuka kuwa kaulimbiu ya vijana mitandaoni waliosisitiza kuwa waliokufa wana majina na si takwimu tu.

Kufungwa na kufunguliwa upya: 2015 hadi 2017

Chuo kilifungwa siku ileile. Walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi kuendelea na masomo, na kwa miezi tisa majengo ya Garissa yalikaa bila wanafunzi. Lilizuka swali ambalo lilijadiliwa bungeni, magazetini na katika mabaraza ya Garissa yenyewe: je, chuo kifunguliwe tena au kihamishwe? Waliotaka kihame walisema kwamba hakuna mzazi wa bara atakayempeleka mwanawe huko. Waliotaka kibaki, na sauti kubwa kati yao ilikuwa ya wakazi wa Kaskazini Mashariki, walijibu kwamba kukifunga kungekuwa kuwapa wavamizi kile walichokitaka, na kwamba vijana wa eneo hilo wangepoteza chuo chao cha kwanza na cha pekee. Waliotaka kibaki ndio walioshinda.

Januari 2016 masomo yalianza tena chini ya Profesa Ahmed Osman Warfa, Mkuu wa Chuo, kituo cha polisi kikiwa kimewekwa ndani ya eneo la chuo. Waliorudi walikuwa wachache sana, na wengi wao walikuwa wenyeji waliojigharamia wenyewe. Hapa ndipo sura ya chuo ilipogeuka. Kile kilichokuwa chuo cha kitaifa katika mji wa pembeni kiligeuka, kwa muda, kuwa chuo cha wenyeji: Wasomali wa Garissa, na wanafunzi wa upande wa pili wa mto ambao wangeweza kulala nyumbani. Katika maandishi mengi kipindi hicho huelezwa kama cha udhaifu, lakini tathmini hiyo ina kasoro, kwa sababu bila hao wachache waliokubali kukaa madarasani mbele ya viti vitupu, Seneti isingekuwa na mitihani ya kusimamia, wahadhiri wasingekuwa na kazi ya kubaki, na hoja ya kukihamisha chuo ingerudi mezani. Udahili wa kitaifa ulipoanza tena kuleta wanafunzi kutoka nje, uliwakuta wenyeji wakiwa wameshika ngome.

Maisha ya kila siku yalikuwa yamebadilika. Langoni kulikuwa na ukaguzi, mwendo wa usiku ulipungua, na ushauri nasaha, yaani huduma ya kumsaidia mtu aliyepitia msiba au hofu kwa mazungumzo na mtaalamu, ulikuwa miongoni mwa mahitaji ya kwanza ya chuo kilichofunguliwa upya. Kumbukumbu ya tarehe 2 Aprili ilianza kufanywa kila mwaka, dua za Waislamu na maombi ya Wakristo yakifuatana katika ratiba moja.

Chuo kikuu kamili: tangu 2017

Oktoba 2017 Rais Uhuru Kenyatta alikipa chuo charta, yaani hati idhini inayoifanya taasisi kuwa chuo kikuu kinachojitegemea, chenye uwezo wa kutunga mitaala yake na kutoa shahada kwa jina lake. Mabadiliko ya uongozi yaliyofuata yanahitaji kuelezwa, kwa kuwa majina ya vyeo huwachanganya wengi. Katika kipindi cha uchanga chuo kiliongozwa na Mkuu wa Chuo aliyewajibika kwa Moi. Baada ya charta, nafasi yake ilichukuliwa na Makamu wa Chansela, ambaye ndiye mtendaji mkuu, huku Chansela akiwa na jukumu la heshima la kuongoza mahafali, Baraza la Chuo likisimamia fedha na sera, na Seneti ikisimamia masomo, mitihani na udahili. Profesa Warfa, aliyekiongoza chuo kilipofunguliwa upya, ndiye aliyekivusha pia hadi hatua hiyo ya pili.

Wanafunzi walipata chama chao wakati ambapo sheria ilikuwa imebadilika. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu yaliyopitishwa mwishoni mwa 2016 yaliondoa kura ya moja kwa moja ya kumchagua mwenyekiti, yakaweka wajumbe wanaochaguliwa kwa vitivo ambao nao huwachagua viongozi, na yakaweka ukomo wa vipindi viwili vya mwaka mmoja kila kimoja. Shabaha ilikuwa kupunguza fujo na siasa za kikabila katika vyuo vikubwa. Katika chuo kidogo kama Garissa, ambapo mgombea anajulikana na karibu kila mpiga kura, utaratibu huo wa wajumbe unaonekana kuwa dawa ya ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao, ingawa umesaidia kuhakikisha kwamba makundi madogo hayaachwi nje ya uongozi.

Hatua kuu za chuo, pamoja na zile za bonde zilizokitangulia, zimekusanywa katika jedwali lifuatalo.

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1887 | Wamisionari wa Neukirchen wafungua kituo Ngao, Tana ya chini |
| 1965 | Waraka wa Serikali Namba 10 waelekeza uwekezaji kwenye maeneo yenye uzalishaji wa haraka |
| 1984 | Chuo Kikuu cha Moi chaanzishwa |
| 1991 | Sheria za hali ya hatari za Kaskazini Mashariki zafutwa |
| 2010 | Katiba mpya yatambua haki ya elimu ya makundi yaliyotengwa |
| Septemba 2011 | Chuo Kishiriki cha Garissa chaanzishwa chini ya Moi |
| 2 Aprili 2015 | Uvamizi. Watu 148 wauawa. Chuo chafungwa |
| Januari 2016 | Masomo yaanza tena Garissa |
| Oktoba 2017 | Charta yatolewa. Chuo chawa Chuo Kikuu cha Garissa |
| Machi 2020 | Vyuo vyote nchini vyafungwa kwa sababu ya Uviko-19 |
| Novemba 2023 na Aprili–Mei 2024 | Mafuriko ya Tana yakata barabara baina ya Garissa na Madogo |

Mahafali ya chuo, kama shughuli zote rasmi nchini, hufunguliwa kwa Wimbo wa Taifa, na ni vyema kukumbuka kwamba sauti ya wimbo huo ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, uliochukuliwa kutoka bonde hilihili na jopo lililoutayarisha kabla ya uhuru wa 1963, Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume wakiwa miongoni mwao. Mhitimu wa Ngao au wa Wenje aliyevaa joho Garissa husimama wima kwa sauti ambayo bibi yake huenda aliijua kwa maneno mengine kabisa.

Kazi ya kuandaa walimu imezidi kuwa ya lazima. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, na Tume ya Huduma ya Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera, shule nyingi zikabaki na walimu wachache mno. Kwa mara ya pili katika miaka sita, ilionekana wazi kwamba mwalimu wa sayansi au hisabati aliyezaliwa bondeni ana thamani isiyopimwa kwa mshahara. Shahada moja ya ualimu huchukua miaka minne, kwa hiyo pengo la aina hiyo halizibwi na tangazo la serikali.

Gharama, mto na mpaka

Suala linalotawala mazungumzo ya wanafunzi wa leo ni fedha. Mikopo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995 na ambayo wanafunzi huitaja kwa ufupi tu kuwa "Helb". Mwaka 2023 serikali ilileta utaratibu mpya unaogawa ufadhili na mkopo kwa kupima hali ya kila familia. Kipimo hicho kina ugumu wake kwa mfugaji. Mali yake ni mifugo, na misimu mitano ya mvua iliyofuatana, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, ilikosa mvua ya kutosha na kuua mifugo kwa wingi katika kaunti zote mbili. Familia iliyohesabiwa kuwa na ng'ombe mwaka mmoja inaweza kuwa haina kitu mwaka unaofuata, na fomu haijui hilo. Mkulima wa ukingoni naye hupoteza mpunga na migomba mto unapofurika, ilhali mabwawa ya juu, kutoka Kindaruma la mwaka 1968 hadi Masinga la 1981 na Kiambere la 1988, yamebadilisha mwendo wa mafuriko ambayo mababu zake walipanda kwa kuyafuata.

Mto huohuo ndio unaoamua nani atafika darasani. Mvua za Novemba 2023, na tena za Aprili na Mei 2024, zilizamisha barabara kati ya Madogo na Garissa, na watu wakavushwa kwa mashua. Aprili 2024 mashua moja ilizama karibu na Mororo na watu wakafa. Kwa mwanafunzi anayetoka Nairobi, mafuriko hayo yalimaanisha kuchelewa kwa siku kadhaa. Kwa yule anayelala Madogo na kusoma Garissa, yalimaanisha kukosa mhadhara ambao angeweza karibu kuisikia kengele yake.

Wanafunzi wasiopata nafasi mabwenini hupanga vyumba mjini, na chuo kilichoanza kwa kukusanya wanafunzi wake ndani ya ua mmoja kimelazimika kuzoea kuwa na maisha nje ya ua, katika mitaa ambamo bodaboda, tuktuk na vibanda vya chai vimekuwa sehemu ya ratiba. Jumuiya za wanafunzi wanaotoka eneo moja, ambazo katika vyuo vikubwa mara nyingi huonwa kama chanzo cha ukabila, zina kazi ya maana hapa: humtafutia chumba mwanafunzi mpya, hukusanya mchango mwenzao anapofiwa, na humwonyesha mwanafunzi wa Garsen ni basi gani linalofika Hola kabla ya giza.

Basari za kaunti, yaani misaada ya karo inayotolewa na serikali za ugatuzi, pamoja na zile za hazina ya maendeleo ya maeneo bunge iliyoanzishwa mwaka 2003, hufuata mahali mwanafunzi alipoandikishwa na si mahali anaposoma. Mwanafunzi wa Madogo, ambaye anaweza kufika lango la chuo kwa bodaboda katika muda mfupi, huombea msaada wake Tana River, katika eneo bunge la Bura na makao makuu ya kaunti yaliyoko Hola, safari ya zaidi ya kilomita 100 kuteremka mto, kisha hurudi na barua iliyopigwa muhuri kuiwasilisha katika ofisi ya fedha ya chuo kilicho ng'ambo ya daraja.